Nimechoka na picha za vijiboksi: nichoree kwa programu gani kwenye kompyuta ya nyumbani?

MamaTwaha

Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Naandika nikiwa bado na hasira za juzi, mnivumilie.

Niko Tanga, nafanya kazi za stika na mabango madogo nyumbani. Nikisema ofisi msidhani ni ofisi. Ni meza ya kulia chakula, kompyuta ya mezani ya mtumba (RAM GB 4, Windows 10, kioo kina mstari wa kijani upande wa kushoto ambao nimeshauzoea kama ndugu), na watoto watatu wanaosubiri niinuke wacheze gemu. Kuprinti na kukata napeleka kwa wenye mashine. Mimi kazi yangu ni kuchora na kutafuta wateja.

Wiki iliyopita mama mmoja wa saluni alitaka bango la mita 2. Nembo nilimchorea mwenyewe, kichwa cha mwanamke aliyefunga kilemba, kwa ile programu ya kupaka rangi inayokuja na kompyuta. Kwenye kioo ilipendeza, hata mume wangu ambaye hasifii kitu alisema "hee". Bango lilipotoka, kilemba kimekuwa ngazi. Vijiboksi vitupu! Mteja akasimama mbali akatazama, akasogea karibu akatazama, akaniuliza, "Mama Twaha, huyu ni mwanamke au ni ukuta wa matofali?" Gharama ya kuprinti, Sh 45,000, nimeilipa mimi.

Fundi wa pale kaniambia mashine yake haina tatizo, nichore kwa vekta. Nikamuuliza vekta ndiyo nini, akasema ni programu fulani kubwa ya kulipia, na kwamba yeye atanipa nakala iliyovunjwa, bure, kwenye flashi. Flashi za namna hiyo nazijua. Ya mwaka juzi iliondoka na picha zote za harusi ya mdogo wangu. Sitaki.

Naomba mnieleweshe hiyo vekta ni nini hasa, kwa lugha ya mtu ambaye hakusomea. Ipo programu ya bure, ya halali, itakayokaa kwenye kompyuta yangu hii bila kuiua? Na mtu wa miaka 41 anayejua kuchora kwa mkono ataizoea baada ya muda gani? Nauliza kwa haraka kwa sababu kuna mwenye bajaji ananisubiri, anataka jahazi ubavuni.

dogo_grafiki

Shikamoo mama. Mbona unajipa kazi? Simu yako ina akili mnemba siku hizi. Unaandika "nichoree jahazi", sekunde kumi limetoka, na mawimbi juu. Hayo mambo ya kuchora kwa mausi yalikuwa enzi za kina baba.

MamaTwaha

Marahaba mwanangu. Nilifanya hivyo jana usiku kabla sijaandika hapa. Jahazi limetoka zuri, ila tanga limefungwa kwenye mlingoti ambao haupo na nahodha ana vidole sita. Nikilikuza, vijiboksi vilevile. Mwenye bajaji ni mvuvi wa zamani. Nikimpelekea chombo kile atanicheka mpaka kesho kutwa, na kijiwe chote atakiita kije kitazame.

MzeeBrashi

Marahaba Mama Twaha. Mimi miaka 30 nilikuwa mwandishi wa vibao na ubavu wa mabasi, Moshi na Arusha, kwa brashi na rangi ya mafuta, kabla mashine za stika hazijatuondoa barabarani. Kompyuta nimefundishwa na mjukuu nikiwa na miaka 58. Kwa hiyo habari ya umri tuiweke kando.

Kwanza pole kwa bango. Hesabu yake ni hii. Tuseme picha yako ilikuwa na upana wa nukta 600. Ukiitandaza kwenye mita 2, kila nukta inakuwa na milimita 3 na ushee, yaani punje ya mtama. Mashine haikukosea. Ulimpa fundi punje 600 za mtama azitandaze mita 2, akazitandaza.

Vekta haihifadhi punje, inahifadhi maelekezo. Zamani bosi wangu alikuwa akisimama chini ya ngazi ananipigia kelele, "Anzia kwenye chaki, panda, pinda kulia, shuka mpaka usawa ule!" Faili la vekta ni bosi yule. Ukilifungua kwa Notepad, humo ndani utakuta mistari ya namna hii:

M 20,80 C 20,20 80,20 80,80

M ni "weka brashi hapa", 20 kwenda kulia na 80 kwenda chini. C ni "sasa pinda". Jozi mbili za kwanza baada ya C si sehemu za kupita, ni mikono miwili inayouvuta mkunjo, kama watu wawili wanaovuta kamba kila mmoja upande wake. Jozi ya mwisho ndipo unapofika. Umepata tao, kama la juu ya mlango wa msikiti. Sasa angalia kitu ambacho mimi kilinichukua wiki mbili kukielewa: mikono imevuta mpaka usawa wa 20, lakini kilele cha tao hakifiki 20, kinaishia 35. Mikono inaita tu, mkunjo unaitikia lakini hauendi mpaka mlangoni kwake. Ukilielewa hilo hutashangaa tena kwa nini unavuta sana na mstari unasogea kidogo.

Ukilikuza tao hilo liwe la mita 2 au la mita 20, kompyuta inazidisha namba na kuchora upya. Hakuna punje, kwa hiyo hakuna ngazi.

Programu ya bure na halali inaitwa Inkscape. Ipakue inkscape.org kwenyewe, usichukue kwa mtu wala kwenye tovuti za pembeni. Kifurushi kinazidi MB 100, subiri bando la usiku. Ilianza mwaka 2003, watu wachache walipojitenga na programu nyingine iliyoitwa Sodipodi, na toleo walilokubali kuliita 1.0 lilitoka Mei 2020. Miaka 16 na zaidi wanaiita sifuri-nukta-kitu! Mimi nikipaka kibao siku tatu mteja ananiita mzembe. Inahifadhi kwa SVG, ambao ni mtindo wa wazi uliopitishwa mwaka 2001 na shirika lilelile linaloweka kanuni za kurasa za wavuti, W3C. Ndiyo maana ukiliburuta faili lako ukalidondosha kwenye kivinjari cha intaneti, linafunguka bila kuomba ruhusa kwa mtu.

RAM GB 4 inatosha kwa stika. Ukijaza ukungu na vivuli itaanza kuvuta miguu. Ikitokea, bonyeza Ctrl+5 ubaki na mifupa ya mchoro bila rangi, fanya kazi yako, kisha endelea kubonyeza mpaka rangi zirudi.

Sasa kuchora. Bonyeza B, hiyo ndiyo kalamu. Ukibofya na kuachia unapata kona. Ukibofya na kuburuta unapata mkunjo, na ile mikono miwili unaiona inatoka kama masharubu. Ukimaliza, rudi kwenye nukta ya kwanza kufunga umbo, au bonyeza Enter kama umbo lako halifungiki. Kisha bonyeza N kurekebisha nukta, ambazo huitwa nodi.

Kila mtu anakosea kwenye idadi ya nodi. Anayeanza humwaga nodi kama mtu anayepanda mahindi, kila sentimita moja. Mstari unakuwa na vinundu kama mkongojo wa mwanzi. Kwenye brashi, herufi iliyokuwa ikituzeesha ni S, na bosi alinifundisha hivi: usiifuate S, fuata sehemu inapobadilisha nia. Inaanza juu kulia, inafika kilele, inafika mwisho wa kushoto, inakata katikati, inafika mwisho wa kulia, inafika chini kabisa, inaishia. Hesabu hizo: 7. Mgongo wa S ni nodi 7, hazizidi. Kwenye kilele na chini kabisa mikono ilale sawa na sakafu, kwenye kushoto na kulia isimame wima. Shikilia Ctrl unapoivuta mikono, itakwenda kwa hatua za nyuzi 15 na utapata ulalo na wima bila kubahatisha. Brashi ikigeuka, weka nodi. Isipogeuka, acha mkono uende.

(Mikunjo hii imepewa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault huko Ufaransa, aliyeitumia miaka ya 1960 kuchora mabodi ya magari. Mwenzake wa Citroën, Paul de Casteljau, alikwishaifumbua kuanzia 1959 lakini kampuni yake ikaiweka siri, jina likaenda kwa mwingine. Mimi niliyezeekea ubavuni mwa mabasi nilifurahi sana kusikia hesabu hii imezaliwa kwenye bodi la gari.)

Jahazi lako lichore kwanza kwenye karatasi kwa penseli, mkono unao. Lipige picha kwa simu, ingiza kwa Ctrl+I. Itakuuliza kama picha ipachikwe ndani ya faili au iunganishwe tu kutoka nje. Chagua kupachika. Mimi niliunganisha, nikahamisha faili kwenye flashi, nikafika kwa mteja nimebeba fremu yenye alama nyekundu katikati. Ifanye picha hafifu, ifunge isisogee, chora juu yake.

Na hifadhi kwa Ctrl+S kila ukivuta pumzi. Umeme wetu haupigi hodi.

dogo_grafiki

Mzee shikamoo, hapo umeua. Ila mwambieni mama ukweli wa mtaani: maduka mengi ya kuprinti hayana Inkscape. Ukimpelekea SVG, fundi anakutazama kama umemletea barua ya kichina. Peleka PDF. Na maandishi yote uyageuze kuwa njia kwanza, yaani herufi ziwe michoro ya nodi kama jahazi lako (chagua, Ctrl+Shift+C), la sivyo kompyuta ya dukani isipokuwa na fonti yako itaweka ya kwake. Mimi nimewahi kuandikiwa jina la duka la nyama kwa fonti ya kadi ya harusi, maua mpaka kwenye "Bucha". Kabla ya kugeuza, hifadhi nakala ya pili yenye maandishi ya kawaida, maana yakishakuwa njia huwezi kusahihisha herufi tena.

Halafu mzee hajasema kuna kugeuza picha kuwa vekta moja kwa moja. Shift+Alt+B. Dakika moja, jahazi tayari.

MzeeBrashi

Sikusema kwa makusudi, wewe mtoto.

MamaTwaha

Nimerudi, siku ya tisa leo. Nina mengi.

Kuipakua nilitumia usiku mmoja. Kompyuta haijafa. Siku mbili za kwanza nilikaribia kuitupa baharini, maana nikiburuta mkono huu, upande wa pili nao unasogea, kama kumvalisha nguo mtoto asiyetulia. Nikaandika S kama Mzee alivyosema. Nodi 7. Ya kwanza ilikuwa kama samaki mkunga. Ya ishirini nikamwita mume wangu aione. Safari hii hakusema "hee", alisema "nayo ni kazi?"

Nilijaribu ya dogo pia, samahani Mzee. Nikapiga picha mchoro wangu wa penseli, nikabonyeza Shift+Alt+B. Jahazi likatoka papo hapo na nikashangilia. Halafu nikabonyeza N, nikaangalia chini kabisa ya dirisha panapoandikwa idadi: nodi 1,926. Ilikuwa imefuata kila punje ya penseli, na doa la chai, na kivuli cha kidole changu kwenye pembe. Nikabonyeza Ctrl+L ya kurahisisha, zikashuka, nikabonyeza tena, zikashuka, ila omo, ile pua ya jahazi, ikaanza kuyeyuka kama sabuni. Nikafuta yote.

Nikalichora upya kwa B. Mwili wa jahazi: nodi 6. Hapo nilitulia nikakumbuka vyombo vya pale bandarini nilivyoviona tangu nasoma shule ya msingi. Tanga halijai sawasawa. Tumbo lake liko chini ya katikati, kule juu limebanwa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, na linanyooka. Mwanzo niliweka nodi katikati kabisa ya tumbo, tanga likawa kama puto. Nikaishusha kidogo, nikaurefusha mkono wa juu na kuufupisha wa chini, upepo ukaingia. Nodi 4 tu tanga zima! Sijui kama mnaelewa nilivyojisikia, saa sita usiku, watoto wamelala, nimekaa natazama upepo.

Jumla na mlingoti, foromali, mawimbi mawili na kibendera: nodi 31.

Sasa msiba. Jana nimepeleka kukata kwenye plota, ile mashine ya kukata stika. Kwenye kioo mawimbi yangu ni minene, mstari wa milimita 6. Plota imekata uzi! Uzi mmoja mwembamba katikati, hakuna cha kubandua. Na pale mlingoti unapopita mbele ya tanga, imekata mlingoti na imekata tanga humohumo, vipande vikaachana mkononi. Dirisha la chumba cha nahodha nililiweka kwa kuchora boksi jeupe juu ya mwili, nalo halikuonekana lolote zaidi ya mkato. Fundi anasema faili bovu. Kwenye kioo liko sawa kabisa. Nimekosea wapi?

MzeeBrashi

Hujakosea kuchora, umekosea kumwambia kipofu. Plota haioni rangi wala unene. Ina kisu, na inajua njia tu. Wewe ulimchorea wimbi kwa mstari mmoja ukauvalisha unene wa milimita 6. Unene ule ni nguo, na kipofu haoni nguo.

Wimbi: lichague, bonyeza Ctrl+Alt+C. Mstari unageuka kuwa umbo lenye kingo mbili, na kisu kitazunguka nje yake.

Mlingoti na tanga: kama vyote ni vya rangi moja, vichague pamoja ubonyeze Ctrl na alama ya kujumlisha. Vinaungana kuwa ganda moja. Mlingoti hautaonekana tena ndani ya tanga, kwa hiyo ukitaka uonekane acha mwanya wa milimita 2 kila upande. Sisi kwenye brashi tuliuita mwanya huo pumzi.

Dirisha: boksi jeupe likae juu, chagua boksi na mwili, Ctrl na alama ya kutoa. Sasa ni tundu la kweli, wala si weupe uliofunika.

Ukimaliza, Ctrl+5. Unachokiona hapo, ile mifupa, ndicho plota inachokiona. Ukiona mistari miwili inakatana, kisu kitakata vilevile. Mimi sipeleki kazi kabla ya kuitazama kwa macho ya kipofu.

MwanaWaLeso

Hamjambo nyote. Mie niko Mombasa, nachora leso, nyie mwaita khanga. Mama Twaha, kwa mkono huo wako wa tanga, usikae kwenye stika pekee.

Leso ndiyo kazi Inkscape ilozaliwa nayo, ingawa walioiunda huenda hawajui. Pindo ni ua moja linalojirudia. Chora moja tu, kisha Alt+D, hiyo si nakala, ni pacha. Ukimrekebisha mama, mapacha wote wanarekebika papo hapo. Juzi mteja alinambia korosho za pindo zimelala sana. Nimesimamisha moja, nimegeuka kunywa kahawa, zote zimesimama. Zamani ningekesha.

Pembe ndipo watu huaibika. Pindo la chini likikutana na la ubavuni, ua hukatwa kati. Anza na pembe nne, zichoree ua lake maalumu, ndipo ujaze katikati, na nafasi ikibaki ya nusu ua punguza mwanya kila mahali kidogo kidogo mpaka ienee. Leso ni kama sentimita 150 kwa 110, lakini wewe chora kwa 15 kwa 11. Ni vekta, wao wataikuza.

Rangi: kila rangi weka kwenye tabaka lake. Kiwanda kinachochapa kwa skrini kinahitaji skrini moja kwa kila rangi, kwa hiyo usiwaletee rangi inayofifia kidogo kidogo kutoka nyekundu kwenda manjano, watakurudishia. Na Inkscape hufanya kazi kwa rangi za mwanga wa kioo. Ule wekundu unaowaka kwenye kompyuta, kwenye wino hulala. Omba kipande cha majaribio kabla ya doti mia.

Jina likiwa refu, usilivute kwa ubavu ili lienee. Herufi zikivutwa hunenepa mapaja zikabaki na shingo nyembamba. Punguza ukubwa, au fupisha maneno. Leso nyingi zenye jina kali zina maneno machache.

MamaTwaha

Ahsante kaka wa Mombasa, kikoba chetu kinataka sare ya Desemba, nitakutafuta hapahapa.

Bajaji imetoka! Mawimbi manene, dirisha tundu, mlingoti una pumzi yake. Chini nimeandika MSAFIRI KAFIRI kama mwenyewe alivyotaka. Ubavu wa kushoto umebandikwa, kijiwe kizima kimesimama. Mwenye bajaji akalizunguka jahazi kwa macho, akaweka kidole kwenye foromali, akasema, "Huyu anajua." Nikaenda mbinguni na kurudi.

Kisha akazunguka upande wa kulia. Akanyamaza. Akasema, "Mama Twaha, huku linarudi nyuma."

Na kweli. Bajaji inakwenda mbele, jahazi linaangalia nyuma. Nikamwambia nipe siku moja. Nyumbani nikachagua kila kitu, nikabonyeza H, jahazi likageuka na omo ikatazama mbele. Rahisi! Nikakimbia kwa fundi, akakata, hatukusoma. Tumekuja kusoma imeshabandikwa: IRIFAK IRIFASM. Nusu mita ya stika ya Sh 6,000. Mwenye bajaji anasema ataiacha hivyohivyo mpaka Jumatatu kwa sababu abiria wanaoiona kwenye kioo cha duka wanaisoma vizuri.

MzeeBrashi

Mama Twaha umenichekesha mpaka mjukuu kaja kuuliza kuna nini.

Mwaka 1987 nilikuwa na karatasi kubwa iliyotobolewa kwa sindano kufuata herufi. Unaiweka ubavuni mwa basi, unaipigapiga kwa kitambaa chenye vumbi la mkaa, vumbi linapita matunduni, unapata herufi za kufuatiza kwa brashi. Upande wa kushoto nilimaliza asubuhi. Upande wa kulia nikaigeuza karatasi ili simba atazame mbele, na jina likageuka naye. Niliandika jina zima kinyume, kwa rangi ya dhahabu yenye kivuli chekundu, mpaka herufi ya mwisho, huku najisifu mkono umenyooka. Aliyeniambia ni mtoto wa muuza karanga.

Kwenye Inkscape bonyeza H kwenye jahazi peke yake, maandishi yabaki nje ya kundi. Kama umeshavifunga pamoja, Ctrl+Shift+G vinaachana.

dogo_grafiki

Mzee, na lile basi ilikuwaje?

MzeeBrashi

Nilifuta kwa petroli mpaka usiku. Simba nilimwacha.